Skripti imevurugika: dalili, chanzo na namna ya kuinyoosha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinyoosha skripti za filamu za wenzangu. Nyingi hunifikia usiku, na ujumbe mfupi: "Naomba uiweke sawa, kesho asubuhi inakwenda kwa prodyuza." Karibu zote zina ugonjwa mmoja unaojitokeza kwa sura tofauti. Mwandishi ameuchora ukurasa kwa jicho. Amebonyeza kitufe cha nafasi mpaka jina la mhusika likafika katikati, akabonyeza Enter mara tatu ili sini inayofuata ipate kupumua, akaridhika kwa kuwa kwenye kioo chake panapendeza. Kwake yeye, ZAWADI ni msemaji. Kwa kompyuta, ZAWADI ni herufi sita zenye nafasi tupu ishirini na mbili mbele yake, basi. Ukibadili fonti, ukifungua faili kwenye mashine nyingine, au ukiongeza neno moja tu juu, kila kitu kinahama.

Kwa hiyo nikikaa mbele ya skripti iliyoharibika ninaanza na swali moja: programu inajua mstari huu ni nini? Skripti ina aina chache tu za mistari: kichwa cha sini, maelezo, jina la msemaji, mazungumzo, maelekezo ya mabano, na mpito, yaani maneno ya kuvuka kutoka sini moja hadi nyingine. Matatizo mengi yanatokana na mstari usiopewa aina yake. Yanayobaki yanatoka kwenye fonti na karatasi.

Kabla ya yote, washa alama zilizofichwa

Usiguse kitu kabla ya hatua hii. Kwenye Microsoft Word bonyeza Ctrl+Shift+8. Kwenye LibreOffice Writer ni Ctrl+F10. Kwenye Google Docs ingia menyu ya View, chagua "Show non-printing characters". Ukurasa utajaa vidoa na mishale. Kila kidoa ni nafasi moja, kila mshale ni Tab, na kila ¶ ni mahali ulipobonyeza Enter.

Skripti yenye afya ina kidoa kimoja kati ya neno na neno, na ¶ moja mwisho wa kila aya. Ukiona msururu wa vidoa mbele ya jina, au ¶ nne zimepangana kama ngazi, chanzo umeshakiona. Usifute kimoja kimoja, utamaliza usiku. Kwenye Word fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, andika ^p^p upande wa kutafuta na ^p upande wa kuweka, urudie mpaka iseme hakuna tena. Tab ni ^t. Kwenye LibreOffice washa "Regular expressions", tafuta ^$ na uache sehemu ya kubadilisha tupu. Aya zote tupu zitaondoka kwa mpigo. Hifadhi nakala ya faili ya zamani kwanza, kwa jina jingine.

Anayeandika kwa programu ya skripti yenyewe, kama Final Draft, Fade In, Trelby au WriterDuet, hahitaji vidoa. Weka kishale kwenye mstari unaosumbua utazame programu inauita aina gani. Mara nyingi utakuta mazungumzo ya nusu ukurasa yanaitwa "Action", yaani maelezo, na hapo shida yote inajieleza.

Mazungumzo yamekimbilia kushoto, au majina yanacheza

Ndani ya programu ya skripti, chanzo karibu daima ni Enter iliyozidi. Programu nyingi zina mwendo huu: ukimaliza jina la msemaji, Enter inakupeleka kwenye mazungumzo. Ukimaliza mazungumzo, Enter inakurudisha kwenye maelezo. Ukiwa kwenye maelezo, Tab inakupeleka kwenye jina. Mtu aliyezoea Word anaandika ZAWADI kisha anabonyeza Enter mara mbili ili kuacha nafasi, na programu inadhani amebadili nia. Futa mstari mtupu, weka kishale kwenye maneno yaliyokimbia, uyape aina ya mazungumzo. Kamwe usiyasukume kwa kitufe cha nafasi ndani ya programu hizi. Yataonekana yamekaa sawa leo, na yatabaki maelezo milele.

Kwenye Word na LibreOffice kuna vyanzo viwili vingine. Cha kwanza ni kuweka majina katikati kwa kitufe cha kulinganisha. Jina fupi kama ALI linaanzia mbali, MWENYEKITI WA MTAA linaanzia karibu, na muigizaji anayetafuta mistari yake anapepesa macho ukurasa mzima. Jina la msemaji halikai katikati. Linaanzia mahali pamoja kila mara, takriban sentimita 9.4 kutoka ukingo wa karatasi, liwe fupi au refu.

Cha pili kinatokana na kipimo hichohicho. Mwandishi amesoma mahali kwamba jina linakaa sentimita 9.4, akaingiza 9.4 kwenye kisanduku cha aya. Lakini Word inahesabu kuanzia kwenye pambizo, si kwenye ukingo wa karatasi, kwa hiyo pambizo la 3.8 linajumlishwa na jina linatua sentimita 13.2, likigongana na upande wa kulia. Dalili ni rahisi kuitambua: kila kitu kiko katika mpangilio mzuri, ila kimesogea kulia kana kwamba kuna mtu aliusukuma ukurasa.

Vipimo ninavyotumia kwa karatasi ya A4 ni hivi. Pambizo la kushoto sentimita 3.8, maana huko ndiko karatasi inakotobolewa. Kulia, juu na chini 2.5. Kisha unda mtindo mmoja kwa kila aina ya mstari. Kichwa cha sini na maelezo: sifuri pande zote. Jina la msemaji: liingie 5.6 kutoka kushoto. Mazungumzo: 2.5 kushoto, 3.3 kulia. Mabano: 4 kushoto, 5.5 kulia. Nafasi tupu juu ya kichwa cha sini, juu ya maelezo na juu ya jina iwekwe ndani ya mtindo, kwa pointi 12 kwenye "Before", ili usibonyeze Enter ya pili tena maishani.

Kwa vipimo hivyo mazungumzo yanapata upana wa inchi 3.5, yaani herufi 35 za Courier, fonti ya skripti. Kwa Kiswahili ni upana mwembamba. Tazama mstari huu:

Usingemwambia nisingekuja hapa leo.

Ni maneno manne, na mstari umejaa pomoni. Hesabu herufi, nafasi na nukta: 35 kamili. Waandishi wengi wakiona maneno yetu marefu yanavunjika mstari baada ya mstari hupanua mazungumzo mpaka karibu na pambizo, na hapo ndipo mazungumzo na maelezo yanapoanza kufanana. Acha upana ulivyo. Badala yake hakikisha kompyuta haikati maneno kwa kistari. Muigizaji anayesoma "nisi-" mwisho wa mstari mmoja na "ngekuja" mwanzo wa mwingine atajikwaa mbele ya wenzake siku ya kwanza ya kusoma, na kosa si lake. Zima ukataji wa maneno, panga upande wa kushoto pekee, na uache upande wa kulia uwe na mapengo.

Kurasa zimezidi au zimepungua, na hujaongeza neno

Watu wa filamu hukadiria kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya picha. Ni makadirio tu. Ukurasa wa ugomvi unaweza kuchukua dakika tatu, na ukurasa wa maneno ya haraka ukaisha kwa sekunde arubaini. Lakini prodyuza anaanzia hapo kupanga siku na fedha, na kipimo hicho kinasimama juu ya fonti moja, ukubwa mmoja na nafasi moja kati ya mistari. Ukigusa kimoja, umebadili saa ya filamu.

Anza na nafasi kati ya mistari. Word huja na nafasi iliyopanuliwa kidogo, na nyingine inaongezwa baada ya kila aya. Mwandishi haioni, lakini katika kurasa tisini inazaa kurasa za uongo. Chagua maandishi yote, weka "Line spacing" kuwa "Exactly" pointi 12, na "After" iwe sifuri. Hapo unapata mistari sita kwa kila inchi.

Kisha fonti. Courier ilichorwa miaka ya 1950 na Howard Kettler kwa ajili ya mashine za kuchapa za IBM, na kila herufi yake, iwe i au m, inachukua nafasi sawa. Kwa ukubwa wa 12, inchi moja inabeba herufi kumi. Ndiyo sababu ukurasa wa Courier unaweza kupima muda na ukurasa wa Times New Roman hauwezi. Times inabana maneno, skripti inaonekana fupi, na ukweli unajulikana mkiwa lokesheni. Courier New inayokuja na Windows ina vipimo sahihi, ila ni nyembamba, na ikichapwa kwa wino hafifu inapauka. Mimi natumia Courier Prime, iliyotolewa mwaka 2013, kazi ya Alan Dague-Greene aliyoagizwa na mwandishi wa filamu John August. Ni ya bure, na kwenye Google Docs imo tayari. Iongeze kupitia "More fonts".

Karatasi ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haionekani kwenye kioo. Programu nyingi za skripti zimetengenezwa Marekani na hufunguka zikiwa na karatasi ya Letter, milimita 215.9 kwa 279.4. Steshenari ya kwetu ina A4, 210 kwa 297. A4 ni ndefu zaidi kwa milimita 17.6, ambayo ni mistari minne ya Courier. Ukiacha inchi moja juu na moja chini, Letter inabeba mistari 54, A4 inabeba 58. Skripti ya kurasa 100 kwenye Letter inashuka hadi karibu 93 kwenye A4, hakuna neno lililokatwa. Sasa fikiria muongozaji ana Letter na wewe una A4, mko kwenye simu: yeye anasema "fungua ukurasa wa 41," wewe unatazama sini nyingine kabisa. Amueni karatasi moja siku ya kwanza na kila mmoja aiweke kwenye programu yake. Tanzania na Kenya, chagueni A4, isipokuwa mnayemwandikia yuko Marekani au Kanada.

Na kama Google Docs haikuonyeshi kurasa hata kidogo, maandishi yanashuka tu kama utepe, iko kwenye hali ya "Pageless". Ingia File, kisha "Page setup", uchague "Pages".

Programu haizioni sini

Hili ni letu hasa, sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Unafungua orodha ya sini na haina kitu. Au mbaya zaidi, kichwa cha sini kimerukia katikati ya ukurasa na maelezo yake yamekuwa mazungumzo. Programu zimefundishwa kutafuta INT. na EXT. mwanzo wa mstari. NDANI. na NJE. hazizijui.

Pale inapoumiza zaidi ni kwenye Fountain, ile namna ya kuandika skripti kwa maandishi matupu iliyoanza mwaka 2012, ambayo wengi tunaipenda kwa kuwa inaandikika hata kwenye simu ya kawaida. Fountain haikuulizi aina ya mstari, inakisia. Mwandishi anaandika hivi:

NDANI. JIKONI KWA MAMA REHEMA - USIKU
Zawadi anapepea mkaa. Moshi unamwingia machoni.

Mstari wa kwanza haukuanza na INT. wala EXT., kwa hiyo si kichwa cha sini. Uko wote kwa herufi kubwa, na chini yake kuna maneno bila mstari mtupu, na hivyo ndivyo Fountain inavyomtambua msemaji. Matokeo: una mhusika mpya anayeitwa NDANI. JIKONI KWA MAMA REHEMA - USIKU, naye anatamka, "Zawadi anapepea mkaa."

Tiba ni nukta moja mbele, na mstari mtupu chini:

.NDANI. JIKONI KWA MAMA REHEMA - USIKU

Zawadi anapepea mkaa. Moshi unamwingia machoni.

Nukta hiyo ya mwanzo haichapwi. Inaiambia programu: hiki ni kichwa cha sini, usikisie. Kwa mantiki hiyohiyo, mpito wetu wa KATA HADI: hautambuliwi, kwa sababu Fountain inasubiri maneno yanayoishia na TO:. Weka alama ya > mbele yake. Maelezo ya herufi kubwa kama PAAA! yakifuatwa na mstari mwingine yatageuzwa msemaji. Tanguliza alama ya mshangao. Na jina la msemaji usilotaka kuliandika kwa herufi kubwa litanguliwe na @. Ukurasa wa jalada nao unasoma maneno ya Title: na Author: hivyohivyo, andika Kiswahili chako baada ya nukta pacha, si kabla.

Kwenye Final Draft, fungua SmartType kutoka menyu ya Document, tafuta "Scene Intros", uongeze NDANI. na NJE. Ukiwa hapohapo ongeza ALFAJIRI, MCHANA, MAGHARIBI na USIKU kwenye orodha ya nyakati. Ni kazi ya dakika tano. Kisha hifadhi faili hiyo tupu, uianzie kila skripti mpya.

Wengine wananiuliza kama si bora kuandika INT. na EXT. tu, yaishe. Ikiwa kundi lako lina watu wasiosoma Kiswahili, sawa, zitumie. Lakini kama kila mtu atakayeishika skripti ni Mswahili, sioni kwa nini mama anayeshona mavazi afunzwe vifupisho vya Kiingereza ili ajue sini iko nje kwenye jua. Unachopaswa kuepuka ni kuchanganya: sini ya kwanza INT., ya tano NDANI, ya tisa "Ndani ya nyumba". Programu itahesabu aina tatu.

Hata baada ya programu kuziona sini, orodha ya maeneo inaweza kudanganya. Lugha yetu ina -ni ya mahali, nayo inaleta mapacha: JIKO, JIKONI, JIKONI KWA MAMA REHEMA, NYUMBANI KWA MAMA REHEMA - JIKONI. Kwa msomaji ni jiko moja. Kwa programu ni maeneo manne. Niliwahi kupigiwa simu na prodyuza akitaka kujua kwa nini filamu ina nyumba mbili za kukodi, na alikuwa ameshaanza kuulizia ya pili. Zote mbili zilikuwa nyumba ileile, mimi ndiye niliyeiandika kwa namna mbili. Siku hizi naandika orodha ya maeneo kwenye karatasi kabla ya sini ya kwanza na ninaiga kutoka hapo.

Kistari nacho kikague. Programu hutenganisha eneo na wakati kwa kistari kifupi chenye nafasi pande zote mbili. Word, bila kukuuliza, hukirefusha unapoandika, na ukihamisha maandishi kwenda programu ya skripti, USIKU unabaki umeshikana na jina la eneo. Badilisha vistari virefu vyote kuwa vifupi kabla ya kuhamisha.

Mhusika mmoja amegeuka watatu

Fungua ripoti ya wahusika, hata kama hujawahi kuifungua. Skripti moja niliyoipokea ilikuwa na MAMA NG'WANDU mara tatu, kila mmoja na idadi yake ya mistari. Niliyatazama majina hayo mpaka macho yakauma, yanafanana kabisa. Nikakuza ukurasa. Wa kwanza alikuwa na ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', iliyonyooka, kutoka kwenye programu ya skripti. Wa pili alikuwa na ritifaa iliyopinda, kutoka Word, ambayo huipindisha yenyewe. Wa tatu alikuwa na alama ya ` iliyo juu kushoto kwenye kibodi, mwandishi aliikosea haraka haraka.

Kiswahili hakikwepi ritifaa. Tuna ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, na majina ya watu. Kwa hiyo chagua moja, iliyonyooka, na uzime "Smart quotes" kwenye programu yako. Kisha tafuta na ubadilishe zilizopinda zote. Ukiwahi kufungua faili ukakuta ngâ€™ombe, hiyo ni ritifaa iliyopinda iliyosomwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyozisoma herufi) usio wake: ifungue tena faili ya awali na uchague UTF-8.

Vyanzo vingine vya mapacha ni vyepesi. BABU KOMBO akiitwa KOMBO kwenye sini nyingine, ni watu wawili. SAUTI YA ZAWADI ni mtu mwingine mbali na ZAWADI. Andika ZAWADI (SAUTI), kwa kuwa programu huliacha neno la kwenye mabano inapohesabu. Na nafasi tupu iliyobaki mwisho wa jina, usiyoiona, nayo katika baadhi ya programu inatosha kumzaa pacha.

Jina limeachwa peke yake chini ya ukurasa

Programu za skripti huzuia hili zenyewe. Kwenye Word na LibreOffice, fungua mtindo wa jina la msemaji uwashe "Keep with next paragraph". Fanya hivyo pia kwa kichwa cha sini na kwa mabano. Usitatue kwa Enter. Ukiongeza mstari mmoja ukurasa wa pili, Enter hiyo itatokea katikati ya ukurasa wa thelathini.

Mazungumzo yakikatwa na mwisho wa ukurasa, programu huandika MORE chini na CONT'D juu. Skripti yako ni ya Kiswahili, badilisha. Final Draft ina "Mores and Continueds" kwenye menyu ya Document, na Trelby inaruhusu kuyabadili kwenye mipangilio ya skripti. Naandika INAENDELEA chini na ANAENDELEA juu.

Uliandika kwenye simu ukahamishia kompyuta

Ukinakili jumbe kadhaa za WhatsApp kwa pamoja, kila moja inakuja na tarehe, saa na jina la mtumaji mbele yake. Usiandikie sini kwenye WhatsApp kwa vipande. Andika kwenye programu ya maandishi ya simu, kisha jitumie faili. Nyota nazo ziangalie: kwenye WhatsApp nyota moja kila upande hukoleza neno, kwenye Fountain neno hilohilo linalazwa mlalo. Na kibodi ya simu iwekee Kiswahili, la sivyo itakusahihishia maneno kwa Kiingereza usiku kucha. Kwa kompyuta, LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia. Ichague kama lugha ya faili, na ile mistari myekundu chini ya kila neno itapungua, ubaki na makosa yako ya kweli.

Steshenari imechapa ndogo

Umetuma PDF, umepokea kurasa zenye maandishi yaliyosinyaa na pambizo nene. Faili yako ilikuwa Letter, karatasi A4, na mashine ikachagua "Fit". Mwambie kijana wa steshenari achague "Actual size", au bora zaidi, hakikisha PDF yenyewe ni A4 kabla hujatoka nyumbani.

Wala usipeleke faili ya Word ikachapwe. Kompyuta ya pale haina Courier Prime. Itaweka fonti nyingine kimyakimya na kurasa zote zitahama. PDF inabeba fonti yake ndani. Anayeomba kibali cha kupiga filamu kwa Bodi ya Filamu Tanzania huwasilisha skripti pia, na ni vizuri nakala ile, ya muongozaji na ya waigizaji ziwe na namba za kurasa zilezile. Toleo la majaribio la programu ya kulipia linaweza kuchapa alama kubwa katikati ya ukurasa. Chapa ukurasa mmoja wa kujaribu kwanza.

Namba zimevurugika baada ya kuanza kupiga picha

Mpaka hapa nimezungumzia skripti iliyoko mezani. Ikishagawiwa kwa watu, kanuni zinabadilika. Mpiga picha ameshaandika maelezo yake pembeni ya sini ya 34, mtu wa mavazi ana orodha yenye namba, na wewe unaongeza sini mpya kati ya 33 na 34. Ukiacha programu ihesabu upya, sini zote baada ya hapo zinapata namba mpya na orodha za kila mtu zimeoza.

Namba za sini usiziweke kabisa wakati wa kuandika. Ziweke mara moja, siku skripti inapokabidhiwa, kisha uzifunge. Final Draft na Fade In zote zina kufuli hiyo, ya sini na ya kurasa. Baada ya kufunga, sini mpya kati ya 33 na 34 itaitwa 33A. Sini iliyoondolewa inabaki na namba yake na neno IMEONDOLEWA. Ukurasa wa 41 ukifurika, ziada inakwenda 41A, na ukurasa wa 42 haujui lolote.

Marekani mabadiliko hutolewa kwa karatasi za rangi kwa mpangilio: nyeupe, kisha buluu, waridi, njano, kijani, na kuendelea, na nyota pembeni kulia mwa kila mstari uliobadilika. Sijawahi kukutana na kundi dogo la kwetu lenye bajeti ya karatasi za rangi. Nyota ni bure, na tarehe juu ya kila ukurasa ni bure. Ninachapa kurasa zilizobadilika pekee, nazipa tarehe, na kila anayepokea anaondoa ya zamani mbele yangu, nikiwa naitazama inatoka kwenye faili lake.